Kiraka Chini ya Bitana

Jumapili, 23 Machi

Mvua imeanza leo mchana tukiwa mezani. Ilikuja bila upepo, kishindo kimoja juu ya mabati ya jirani, na Lynn akaacha kijiko hewani akasema, "Shosho angesema tutoe ndoo nje." Shosho ni nyanya yake, mama yangu. Mama alizikwa Yatta mwezi uliopita na bado hatujajua namna ya kumtaja.

Emmah na Lynn walikuwa wakitoka kanisani kila Jumapili wanaenda kwa mama, Kiandutu. Sasa wanakuja hapa kwangu Ruiru. Hatukupanga. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi nilisikia hodi, nikafungua, nikawakuta mlangoni na sukuma wiki ndani ya kikapu. Nilifurahi kiasi cha kuona aibu. Mimi naishi peke yangu, mwalimu wa Gredi ya Nne, na Jumapili ni siku ndefu.

Emmah ni mke wa kaka yangu Kyengo. Kyengo aliondoka miaka kumi na moja iliyopita, binti yao Lynn akiwa na miezi minne. Alisema amepata kazi, atapiga simu akifika. Hakupiga. Tulimtafuta polisi, hospitalini, mochari. Mama alisema yu hai, akasema hivyo mpaka siku aliyokata roho. Kila nilipomsihi ahame kile chumba cha Kiandutu aje tukae pamoja, jibu lilikuwa lile lile: "Na Kyengo akirudi, atanitafuta wapi?"

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Watoto wamekuja darasani na matope mpaka magotini.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua.

Jumamosi, 29 Machi

Maji yameingia chini ya mlango nikiwa sokoni. Nimerudi nikakuta viatu vinaelea. Nimeokoa redio na karatasi za mitihani ya watoto, lakini sanduku la bati la mama lilikuwa sakafuni tangu nililete kutoka Kiandutu, na nilikuwa sijalifungua.

Ndani mlikuwa na nguo zake tatu, Biblia yake ya Kikamba, na chini kabisa lile blanketi la viraka, limekunjwa mara nne. Lilikuwa limekunywa maji yote ya nyumba. Nilipolibeba kulipeleka kwenye kamba za nyuma ya ploti, lilikuwa zito kama mtu aliyelala.

Mama alilianza kabla sijazaliwa, alipokuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Thika. Wenzake walishona mablanketi ya vipande vilivyobaki kiwandani, rangi yoyote, kitambaa chochote. Mama alikuwa na sheria yake. Nguo haiingii kwenye blanketi mpaka mwenyewe amekufa. Kuna koti la kaki la babu Mwendwa. Kuna leso ya nyanya. Kuna gauni la maua ya zambarau la shangazi Kamene, na ovaroli ya bluu ya baba. Katikati kuna kipande cha flana nyeupe kisichozidi kiganja, cha mtoto aliyenitangulia, ambaye hakuishi mpaka kupewa jina. Vyote vimeshonwa kwa uzi mwekundu, na kwenye kila pembe mama alirudia mshono mara mbili. "Ndiyo wasifunguke wakaenda," alisema.

Mimi na Kyengo tulilala chini yake utotoni. Mimi niliogopa. Yeye aliipapasa ovaroli ya baba kwa vidole mpaka aipate, ndipo apate usingizi.

Maggie, msichana wa ghorofa ya juu, alisimama kuliangalia likichuruzika maji. "Mwalimu, haki hii ni poa! Nani aliitengeneza? Ningekuwa nayo ningeiweka kwa kochi, kila mtu aione." Aliishika leso ya nyanya, akaiweka shavuni. Sikumwambia anashika nini.

Jumapili, 30 Machi

Bado halijakauka. Nimelitundika ndani, kutoka kwa mlango wa jikoni mpaka kwa dirisha, kwa hiyo tumekula upande mmoja na wazee wetu wakadondosha maji upande wa pili. Lynn alikuwa hajawahi kuliona limetandazwa. Kwa miaka mingi mama alikuwa akiliweka sandukuni tu. Alitaka kujua kila kiraka ni cha nani. Nikamwonyesha.

"Na cha Baba kiko wapi?"

Emmah alimjibu kabla yangu, kwa upole, akiendelea kukata chapati. "Baba hayuko hapo. Hapo ni pa waliokufa."

Jumatano, 2 Aprili

Nitaandika polepole.

Jua halijaonekana siku ya nne. Nimetoka shule saa kumi, nikakuta blanketi limeanza kunuka. Upande wa nyuma mama alikuwa ameweka bitana, shuka la kijivu la kufunika mishono, na bitana ile ilikuwa imeoza ukingoni kwa unyevu, imefunguka urefu wa mkono. Niliingiza mkono ndani kuona kama kumekauka. Nikagusa kifungo.

Blanketi hili halina vifungo.

Nilirarua bitana. Chini yake, mgongoni mwa ovaroli ya baba, kulikuwa kumeshonwa kitambaa cha kijani chenye miraba myembamba ya manjano. Kola yake, kifungo cha kola, mfuko wa kifuani. Kwenye mfuko kuna alama ya ncha ya pasi ya makaa. Nilinunua shati hilo mwenyewe, kwa mshahara wangu wa kwanza, nikampa Kyengo alipooa. Emmah aliliunguza wiki ile ile akalia, naye Kyengo akacheka, akasema sasa lina muhuri, hakuna mwizi atakayelitaka. Alilivaa siku aliyoondoka. Mimi ndiye niliyeandikisha polisi: shati la kijani lenye miraba ya manjano.

Uzi ni mwekundu. Pembe zote nne zimerudiwa mara mbili.

Mama alijua. Alijua, akakishona, akakifunika, akakaa Kiandutu akimsubiri.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefundisha hesabu za sehemu. Sikumbuki nilichofundisha.

Jumapili, 6 Aprili

Shule zimefungwa Ijumaa. Jana nimeshona bitana upya kwa uzi mweusi. Nilijiambia ni kwa sababu sijapata ukweli wote, na habari kama hii haipelekwi nusu nusu.

Walikuja saa saba. Baridi ilikuwa imeingia, na nikiwa jikoni Lynn alilishusha blanketi akajifunika kwenye kochi. Nilipotoka nilimkuta amelala ubavu, upande wa bitana ukiwa juu, na shavu lake limelala pale pale. Pale pale hasa. Kifungo kilikuwa chini ya jicho lake.

"Toka hapo, bado lina unyevu," nikasema, nikalivuta.

"Anti, acha bana. Inanuka kama Shosho."

Emmah alinitazama. Nadhani alishangaa sauti yangu. Baadaye tukiosha vyombo alisema, "Unajua mama aliniambia nini, ile siku ya mwisho niliyomwona akiwa anaongea? Aliniambia, 'Emmah mwanangu, usichoke.' Basi. Usichoke." Akafuta sufuria ile ile mara tatu. "Na kuna siku nachoka, Kavata."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kumwambia. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu.

Sikumwambia.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeenda Kiandutu. Chumba cha mama kimeshapata mpangaji, kijana mwenye spika kubwa. Mlango wa pili anakaa Shosho Warigia, ambaye aligawana ukuta na mama kwa miaka ishirini na mitatu. Alinishika mikono yote miwili, akanikalisha kitandani, akaniuliza habari za mvua ya Ruiru. Nikamuuliza moja kwa moja: kuna mtu aliwahi kumletea mama habari za Kyengo?

"Ngai, Mungu wangu," akasema. Mvua ilikuwa ikigonga bati mpaka ikawa lazima tuinamiane.

"Kuna mwanaume alikuja. Mwaka ule wa korona, mvua ikinyesha hivi hivi. Amefunga barakoa, amebeba mfuko wa unga umekunjwa. Alikaa na mama yako saa nzima. Mimi nilifikiri ni wa kanisa."

"Hukuongea naye?"

"Akienda nilimsindikiza mpaka barabarani na mwavuli. Nilimuuliza jina akasema Musau. Anashona viatu, Makongeni." Aliangalia ukuta wao, ule uliowatenganisha. "Na kutoka siku hiyo, mama yako alianza kuongea na Kyengo. Mimi nasikia. Asubuhi akipika chai. Kabla ya hapo alikuwa anaomba Mungu amrudishe. Kutoka siku hiyo aliacha kuomba, akawa anamwongelesha tu. Kyengo, leo kuna baridi. Kyengo, mtoto wako amepita mtihani. Nikajua. Lakini hayo si maneno ya kuuliza mtu."

Jumapili, 13 Aprili

Wamekuja. Emmah ameniambia habari za Wambua. Nilikuwa nikijua juu juu. Ana duka la chakula cha mifugo Thika, mke wake alikufa, ni mtu wa pole pole, anaongea kama anayehesabu mbegu. Ameshamuuliza Emmah mara mbili kama atakubali kuolewa naye. Sasa anahamia Mwea kufungua duka lingine, anaondoka Jumanne baada ya Pasaka, na anataka jibu kabla hajaenda.

"Wewe unamtaka?" nikamuuliza.

"Swali si hilo. Mimi ni mke wa mtu."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja dini yake. Blanketi lilikuwa limekunjwa juu ya kabati nyuma yake. Lynn alikuwa ananisimulia jambo la shuleni, nikamwitikia, nikawaongezea chai.

Sikumwambia. Kwanza nimpate Musau.

Jumanne, 15 Aprili

Nimempata.

Anakaa chini ya mwavuli mkubwa uliopasuka, Makongeni, kando ya duka la mbao. Mtu mwembamba, nywele nyeupe kabla ya wakati. Nilipomwambia mimi ni dada ya Kyengo aliweka chini kiatu alichokuwa nacho, akatoa miwani, akaipangusa kwa shati lake, asiivae tena.

"Nilijua mtakuja," akasema. "Nilifikiri ni bibi yake atakuja."

Aliniambia huku anaangalia mikono yake. Nanukuu nilivyosikia.

"Tulikuwa watu tisa, kwa machimbo ya mawe upande wa Juja. Hayakuwa na kibali. Si mbali, Mwalimu. Kutoka Kiandutu ni kama nusu saa kwa gari. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili. Saa tano asubuhi ukuta ulianguka, watatu wakiwa chini. Wawili tuliwatoa. Kyengo hatukumfikia. Tulichimba kwa mikono, maji yanaingia, yanaingia. Msimamizi akaja akasema kila mtu aende kwao, hapa hakuna kazi imewahi kufanyika. Ilipofika jioni hakukuwa na mtu hata mmoja. Mimi pia nilikimbia."

"Na shati?"

"Alikuwa ameivua asubuhi akaitundika kwa kichaka. Alisema bibi yake ameipiga pasi, hataki ichafuke siku ya kwanza."

Siku ya kwanza. Kwa hiyo alikufa siku ile ile aliyotuaga. Miezi yote tuliyobandika picha yake kwenye nguzo za stima, miaka yote, alikuwa pale, nusu saa, chini ya maji.

Musau alikaa na shati miaka sita. Alisema lilikuwa likimtazama. Akaamua kumpelekea mama.

"Alilia?"

"Hakulia. Aliichukua, akainusa. Halafu akaniuliza kama nimekula. Alinipikia uji, Mwalimu. Nikamaliza kikombe, akaniambia, 'Musau, huyu msichana wake asijue. Akijua ataolewa, ataenda na mjukuu wangu. Mimi nitabaki na nani?' Akanifanya niape."

Mtu akaja na kiatu chake, Musau akamwambia arudi kesho. Nilimuuliza kama anaweza kuyasema haya mbele ya polisi. Alisema ndiyo. Alisema amechoka.

Nimerudi nyumbani nimemchukia mama. Naandika neno hili nikilijua. Nimechukua blanketi nikaliweka ndani ya sanduku, nikafunga, nikakaa juu ya kifuniko na viatu vyangu vya matope.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua tangu alfajiri. Nitamwambia Jumapili. Sasa nina ukweli wote, hakuna kisingizio.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Emmah alikuja na gauni la njano, amesuka. Nilikuwa nimejipanga kumtuma Lynn dukani, halafu nimkalishe Emmah chini. Nilikuwa na maneno. Lakini hata kabla hajakaa akasema, "Nimemwambia Wambua hapana."

Nikauliza kwa nini, kana kwamba sijui.

"Nilienda kanisani nikasikia mama akiniambia usichoke. Nikamwambia hapana." Akacheka kidogo. "Hakubishana. Alisema sawa, akaniuliza kama Lynn bado ana ile kikohozi."

Wambua alikuwa bado yuko Thika. Anaondoka Jumanne. Maneno yangu yangekuwa na siku mbili za kufanya kazi. Nilimwangalia Emmah akivua viatu mlangoni kama mtu wa nyumbani, Lynn akifungua kabati kutafuta vikombe bila kuuliza viko wapi, na nikaona chumba hiki kitakavyokuwa Jumapili wao wakiwa Mwea. Kochi. Redio. Mimi.

Basi nikamtuma Lynn dukani, na aliporudi nilikuwa bado sijasema kitu.

Mama, sasa nimekuelewa. Nisingependa kukuelewa.

Jumanne, 22 Aprili

Wambua ameondoka leo. Nimekuwa nikiangalia saa tangu asubuhi.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimetoa blanketi sandukuni kwa sababu sanduku limeanza kutoa harufu. Nimelitundika nje, mvua ilipopumzika saa moja. Nilipotoka dukani nililiona kwa mbali kupitia geti. Lilikuwa limeinamia upande mmoja, mabega chini, kama mtu aliyesimamishwa mahali muda mrefu bila kuambiwa aketi. Nilisimama barabarani na mkate wangu, nisiweze kuingia ploti, mpaka Maggie akapita akaniambia, "Mwalimu, uko sawa?"

Jumapili, 27 Aprili

Nimemwambia.

Nilimwomba Maggie akae na Lynn huko juu. Nilitandaza blanketi juu ya meza, bitana juu, nikakata uzi wangu mweusi kwa wembe, nikafunua.

Emmah aliliangalia shati. Aliweka kidole kwenye alama ya pasi, akaizungushia, akaizungushia. Mvua ilikuwa kubwa. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii ni yake."

"Ndiyo."

"Na hapa ni pa waliokufa."

"Ndiyo, Emmah."

Nikamweleza yote aliyosema Musau. Nilipofika kwenye kichaka, kwamba Kyengo hakutaka lichafuke kwa sababu Emmah amelipiga pasi, aliinama akaweka paji la uso mezani. Nikamwekea mkono mgongoni. Kisha akainua kichwa.

"Mama alipewa lini?"

"Miaka mitano iliyopita."

"Na wewe umeijua lini?"

Ningeweza kumdanganya. Nashukuru Mungu kwamba sikuweza. "Tarehe mbili."

Alihesabu. Nilimwona akihesabu, midomo ikicheza. Jumapili ya kwanza, ya pili, ya Pasaka. Aliutoa mkono wangu mgongoni mwake, taratibu, kama mtu anayetoa mdudu bila kutaka kumuua.

"Nilikuambia habari za Wambua nikiwa nimekaa hapa. Hapa, Kavata. Ukaniongezea chai."

"Emmah, niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi ndiye mjane." Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitumia neno hilo, akalisikia mwenyewe. "Mama yenu aliniibia miaka mitano. Wewe siku ishirini na tano. Mnafanana hata mkiiba. Mnampikia mtu kwanza."

Alipanda juu akamchukua Lynn. Hawakuchukua mwavuli. Kutoka dirishani niliwaona wakipita getini, Lynn akigeuka kuniangalia, Emmah akimshika kichwa na kukielekeza mbele.

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula wa pili umeanza.

Jumapili, 4 Mei

Hawakuja. Mvua.

Jumatano, 7 Mei

Nimeenda na Musau kuandikisha taarifa polisi. Waliandika kila kitu, wakasema wataona. Kalamu ilimwanguka Musau alipotia sahihi, lakini alitia.

Jumapili, 11 Mei

Hawakuja. Nilifungua mlango mara mbili, nikasikia hodi isiyokuwepo.

Jumatano, 14 Mei

Ujumbe wa Emmah: "Nipeleke kwa hayo machimbo. Jumamosi. Beba blanketi yote."

Jumamosi, 17 Mei

Tulikutana Juja, mimi, Emmah na Musau. Lynn hakuja. Emmah alimsalimia Musau kwa mkono, mimi akaniambia tu, "Habari."

Tulitembea kwa miguu kupita mashamba ya mahindi. Mvua ilikuwa imeacha lakini njia ilikuwa tope jekundu linaloshika kiatu. Machimbo yenyewe ni shimo kubwa lenye kuta zilizokatwa wima, na ndani yake maji ya kijani yasiyotikisika. Matete yameota ukingoni. Kina mama wawili walikuwa wakifua nguo upande wa chini. Mtu asiyejua angesema ni mahali pazuri pa kupumzikia.

"Ni wapi?" Emmah akauliza.

Musau alionyesha. "Pale, chini ya ule ukuta wenye weupe."

Emmah akavua viatu. Akatembea mpaka maji yakamfika vifundoni, akasimama akiutazama ukuta ule. Nilidhani ataomba. Alianza kumgombeza.

"Kyengo, nusu saa! Ulikuwa nusu saa! Mimi nimekutafuta mpaka Malaba. Nimelala kwa vituo vya polisi na mtoto mgongoni. Mtoto wako ametoa meno, mimi niko peke yangu. Ameugua, niko peke yangu. Amekuwa wa tatu darasani, nikasema ukirudi utaona ripoti. Nimeziweka zote. Nimeziweka kwa faili, Kyengo." Kina mama waliokuwa wakifua walisimama, nguo zikidondoka mikononi, na mmoja wao akaanza kulia ingawa hakujua analia nini.

Alitoka majini, akakaa juu ya jiwe, akaniomba blanketi. Alikuwa na wembe kwenye pochi. Alikata mishono ya mama mmoja mmoja, ule uzi mwekundu, bila haraka. Pembe zilimchukua muda kwa sababu zilirudiwa. Nilitaka kusema kitu kuhusu mama, kwamba alimpenda. Ingekuwa kweli. Sikusema.

Shati lilipotoka, alilikunja akaliweka kifuani, ndani ya nguo.

"Huyu si wa kulala na watu wenu," akasema. "Huyu ni wangu." Akanirudishia blanketi.

Tukiwa njiani nilimuuliza kama amezungumza na Wambua. "Nilimpigia. Nikamwambia mume wangu amekufa. Akasema pole sana. Hakusema kitu kingine, na mimi sikumuuliza."

Jumapili, 18 Mei

Hawakuja.

Jumapili, 25 Mei

Manyunyu tu. Mvua inaisha. Hawakuja. Nimesahihisha vitabu vyote vya Gredi ya Nne, nikarudia.

Jumapili, 1 Juni

Baridi imeingia, ile ya mawingu yasiyonyesha. Saa nane nilisikia hodi, sikuinuka, maana nimeshasikia hodi nyingi. Ikagongwa tena.

Alikuwa Lynn, peke yake, amevaa sweta ya shule.

"Mama yako yuko wapi?"

"Hapo nje." Emmah alikuwa amesimama chini ya dirisha langu, mgongo ukiegemea ukuta, mikono amekunja. Nilimsalimia. Aliinua kidevu kidogo, basi.

"Amesema yeye haingii," Lynn akaniambia. Akakaa kwenye ukingo wa kochi, magoti pamoja, kama mgeni. Kisha akasema, "Anti, Mama ameniambia Baba alikufa. Ameniambia yote. Lakini nikimuuliza alikuwa mtu wa aina gani analia. Akasema niulize wewe, wewe ulizaliwa naye."

Sikujua pa kuanzia. Kwa miaka kumi na moja tulikuwa tumemzungumzia Kyengo kama mtu aliyechelewa gari. Hatukuwahi kumsimulia.

Nikaanza na jino. Nilimwambia alikuwa na jino la mbele lililokatika, na alipiga mluzi kupitia pengo lile mpaka mbwa wa Kiandutu yote wanamjua. Nikamwambia akila githeri alimaliza maharagwe yote kwanza, mahindi akayaacha, halafu anilaumu mimi. Nikamwambia mwaka mmoja mto ulifurika akanibeba mgongoni mpaka shule, na alikuwa mdogo kuliko mimi. Lynn alikuwa ameteleza kutoka ukingoni mpaka katikati ya kochi.

"Alikuwa anaogopa kitu?"

"Kuku," nikasema. "Jogoo akimkaribia alikuwa anapanda juu ya meza, mwanaume mzima."

"Si kuku," sauti ikasema dirishani. "Bata."

Lynn akageukia dirisha.

"Bata ndiye alikuwa anamwogopa," Emmah akasema huko nje, bila kugeuka. "Siku ya harusi yetu mtu alituletea bata wawili. Alikimbia na suti."

Lynn alicheka mpaka akashika tumbo. Ana kicheko kikubwa, sikujua, hajawahi kukitoa nyumbani kwangu. Nilichukua stuli ya jikoni nikatoka nayo, nikaiweka kando ya Emmah karibu na ukuta. Hakunishukuru. Aliitazama kidogo, kisha akaikalia.

Nikarudi ndani, nikalifungua dirisha mpaka mwisho, nikaendelea.